Nukta Tatu na Mstari

Handeni, 3 Agosti 2024

Mjomba Gregori,

Shikamoo. Ni Zuena, binti wa Maryamu na marehemu Mhina. Tulionana mara moja tu, stendi ya Korogwe, mwaka 2014. Ulikuwa na kofia ya bluu, ukaninunulia machungwa sita, ukaondoka kabla sijamenya hata moja.

Huku hatujambo. Mama anaswali, anakula na anagomba, kwa hiyo naandika kwamba ni mzima. Mahindi yalikauka yakiwa kiunoni. Maji ya bomba la mtaa yanatoka mara moja kwa siku tisa au kumi. Mimi bado ni mwandishi wa habari wa redio. Mwanao Denis aliniambia kwamba korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, imekula masikio yako yote mawili, simu huishiki, lakini barua unaisoma neno kwa neno. Ndiyo sababu naandika. Barua itakuja na Iddy, dereva wa basi dogo, Kosta ya Handeni na Korogwe. Mama hajui kama nakuandikia.

Shida yenyewe ni hii. Baba aliacha gari la kulala, la mwaka 1974, lile waliloliacha wazungu wapima miamba waliokuwa wamemwajiri. Lina vitanda viwili, jiko la gesi, na sinki dogo lenye bomba moja la shaba. Injini ilikufa zamani. Lipo uani, juu ya matairi yake. Tangu baba afariki mwaka juzi, mama amehamia humo, ana sababu zake. Tanki la maji liko juu ya paa, na bomba linavuja. Nimeweka kikombe chini yake na kutazama saa: kinajaa kwa dakika arobaini na saba. Kwa siku ni vikombe thelathini, na kwetu hayo ni maji ya mtu mmoja. Tena sakafu inalowa. Jumatano mama aliteleza, akajishika kwenye mlango.

Fundi wa hapa alilizungushia mpira wa baiskeli, akasema limepona. Halikupona. Denis anasema kiwanda kizima cha mkonge cha Ngombezi hakikuwahi kuwa na fundi kama wewe. Je, unaweza kuja siku moja? Mama na wewe hamjaonana miaka thelathini na mitatu. Sitaki kujiingiza katika mambo yenu. Nataka bomba lifunge, na kama mtaonana, sitalalamika.

Mpwa wako,
Zuena Mhina


Ngombezi, 18 Agosti 2024

Mpwa wangu Zuena,

Marahaba. Barua yako niliipata tarehe tisa. Tuko salama. Denis yuko Dindira kwenye mashamba ya chai, kwenye baridi, anashuka kila mwisho wa mwezi akiwa amevaa makoti mawili. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja anachechemea. Mwandiko wako ni wa mama yako, Hilaria. Herufi zake zilikuwa zinalala hivyo hivyo upande wa kulia.

Umeuliza kama naweza kuja. Siji. Sababu usiniulize, niulize bomba.

Bomba utalitengeneza mwenyewe. Fundi wa mpira wa baiskeli asiliguse tena. Maji yanayotoka mdomoni mwa bomba hayazuiwi kwa nje. Ndani kuna wosha, duara la mpira kama kifungo cha koti, ambalo hukaa juu ya kitako cha shaba na kuziba tundu. Duara hilo likilika, maji hupita hata ukikaza mpaka mkono uchoke. Ukikaza sana unaharibu na kitako.

Fanya hivi. Kwanza mwaga maji yote ya tanki. Yote. Kisha chukua kisu, bandua kale kakofia ka juu ya mshikio. Chini yake kuna skrubu. Mfereji wake umelika upande wa kushoto, kwa hiyo kandamiza bisibisi kwa kiganja ndipo uzungushe. Ukishatoa mshikio utaona nati ya spana namba kumi na saba. Lishike bomba kwa mkono mwingine, maana bati la sinki ni jembamba na litapinda. Nati ikitoka, vuta juu, mti wa bomba, ile nguzo ya katikati, utakuja mzima na wosha itakuwa chini yake. Usibadilishe kitu. Tazama tu, kisha uniandikie ulichokiona.

Kuhusu kujua kama bomba limefunga. Mimi sisikii tone. Naweka kidole chini ya mdomo wa bomba, nahesabu polepole hadi mia. Kidole kikibaki kikavu, kazi imekwisha. Wewe una masikio, lakini usiyaamini.

Msalimie mama yako ukiona inafaa.

Gregori Bernardo
• • • —


Handeni, 1 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa mbuzi anayechechemea. Huku Faudhia, jirani yetu, ameozesha binti yake wa mwisho, tumekula pilau siku mbili. Mama hajambo. Huku anaitwa Maryamu, lakini najua kwako bado ni Hilaria.

Sasa nitoe taarifa. Nilifuata maneno yako yote isipokuwa la kwanza. Tanki lilikuwa na lita arobaini na tano, zilizobebwa na punda kutoka Chogo. Mjomba, Handeni hatumwagi maji. Mkono ulikataa. Niliona nitakuwa mwepesi, nitafungua, nitachungulia, nitafunga.

Nati ilikuwa kumi na saba kama ulivyosema. Ilipofika mzunguko wa mwisho, bomba lilinitoka mkononi. Maji yalipiga dari, yakarudi usoni kwangu, yakaingia kwenye droo ya vijiko. Nikaziba kwa kidole gumba na kupiga kelele. Mama alikuwa amekaa kitandani, hatua mbili kutoka nilipo. Akauliza, "Mvua?"

"Si mvua! Ita watu!"

Faudhia alifika na beseni, nyuma yake wanawake wanne na ndoo. "We Zuena," akasema, "una mto humu ndani na sisi tunapanga foleni?"

"Kinga, Faudhia, maneno baadaye!"

"Nakinga, mwenzangu, ila leo naoga mara mbili, lazima watu wajue." Waliokoa lita kumi na nane, nilipima. Kidole changu kilikaa pale mpaka tanki lilipokwisha. Kisha, kwa aibu, nilirudisha kila kitu bila kutazama ndani. Kwa hiyo bado sijaiona wosha.

Nina swali moja. Sikukueleza skrubu imelika upande gani. Sikujua hata kama kuna skrubu. Nilipobandua kofia niliikuta kama ulivyoandika, imelika kushoto. Ulijuaje?

Mpwa wako mwenye nguo za kuanikwa,
Zuena


Ngombezi, 29 Septemba 2024

Mpwa wangu Zuena,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu barua yako imekaa siku kumi na sita ndani ya Kosta. Giaboksi ilikufa hapa Korogwe, Iddy akaacha gari gereji na barua zikiwa kwenye kisanduku cha mbele. Ameniomba radhi kwa kunipigia kelele masikioni. Nikamwambia aandike.

Nilisoma habari ya mto wako, nikacheka mpaka mke wangu akaja kutazama. Kiwandani tulikuwa na kijana wa Kerenge aliyefungua bomba la mvuke bila kuzima boila. Alipona, lakini hakuwahi kupewa spana tena. Wewe nakupa tena.

Ndani ya bahasha hii kuna kipande cha mkanda wa korona. Ni mpira mweusi wenye tabaka za turubai katikati. Mkanda wa namna hii ulikuwa unazungusha mashine ya tani kadhaa, usiku na mchana, kwa miaka. Wosha ya dukani itakupa miezi sita. Kata duara kutoka kwenye kipande hiki, sawasawa na utakalolikuta ndani, lisizidi hata unywele. Toboa tundu katikati kwa msumari wa moto. Kwenye shingo ya mti zungusha nyuzi chache za mkonge zilizopakwa grisi, upande wa kukazia, usiweke nyingi.

Jambo jingine ni alama. Ngombezi hatukuruhusiwa kurudisha kifaa kwenye mashine bila kukigonga alama. Kila fundi alikuwa na yake. Mashine ikifa, bosi anafungua, anasoma alama, anajua amwite nani. Yangu unaiona chini ya kila barua. Hata nikisaini karatasi ya kanisani naiweka, padri ameshazoea. Kazi isiyo na alama haina mwenyewe. Ukimaliza yako, chagua alama, uigonge kwa msumari kwenye shaba.

Mimi nami nina swali. Maji yalipiga dari hatua mbili kutoka kwa Hilaria, mchana, na yeye akauliza kama ni mvua. Kwa nini aliuliza?

Gregori Bernardo
• • • —


Handeni, 13 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri, mawingu yanakuja mchana na kuondoka. Umejibu kila kitu isipokuwa swali langu. Nami najua swali lako la mwisho halikuwa la bomba. Naanza mimi kujibu.

Mama anapoteza macho. Ni presha ya macho, iligunduliwa imechelewa. La kushoto limekwisha. La kulia linaona mtu akisimama kwenye mwanga, umbo lake tu. Daktari amesema tusitegemee kwamba litafika masika. Amehamia garini kwa sababu mle kila kitu kiko umbali wa mkono: kikombe, kitanda, mlango, bomba. Nyumbani anapotea. Hakutaka mtu wa Ngombezi ajue, na hasa wewe. Nimevunja ahadi kukuandikia hili.

Sasa bomba. Jana nilimwaga tanki. Nilimwaga kwenye ndoo za majirani, lakini nilimwaga. Skrubu, mshikio, nati. Nikavuta, mti ukaja.

Mjomba, nimeandika habari miaka kumi na mbili. Nimeona daraja likichukuliwa na maji na watu wakishangilia matokeo ya kura. Kila mara nilijua nianzie wapi. Jana niliketi kwenye sakafu iliyolowa na kile kifaa kikiwa kiganjani, nisijue nianze kukitazama wapi.

Wosha haikuwa ya mzungu. Ilikuwa mpira mweusi wenye tabaka za turubai. Niliiweka juu ya kipande ulichonitumia, ni mkanda mmoja. Ilikuwa imelika ukingoni tu, kama ukucha. Imekatwa kwa mkono, na bado ni duara kamili kuliko sarafu. Niliizungusha juu ya meza ikaenda bila kuyumba. Shingoni kulikuwa na nyuzi za mkonge zenye grisi iliyogeuka nyeusi. Nilipoifuta shaba kwa kanga niliona alama zilizogongwa, ndogo, zimenyooka. Nukta tatu na mstari. Mbele yake, 7.92.

Hapa nyumbani sote tumeambiwa kwamba hujawahi kufika Handeni, hata siku moja, tangu mama aolewe. Mimi nilizaliwa tarehe 19 Julai 1992.

Nilikata wosha mpya. Ya kwanza niliiharibu, ya pili nayo, ya tatu ikakaa. Nikakaza bila nguvu, nikafungua maji, nikaweka kidole chini ya mdomo wa bomba, nikahesabu hadi mia. Kilibaki kikavu. Nikahesabu mia nyingine kwa sababu sikuamini. Mama akasema kutoka kitandani, "Limenyamaza." Sijamwambia nilichokiona. Alama yangu nimegonga pembeni ya yako, ni duara dogo.

Ulikuja lini, na kwa nini hakuna anayejua?

Zuena


Handeni, 17 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu, na leo ni siku ya thelathini na tano. Iddy anaapa kwamba alikukabidhi mkononi. Anasema uliisoma umesimama, ukaikunja mara nne, ukarudi kupalilia.

Mvua za vuli zimeanza, kidogo. Bomba halijadondosha tone. Mama sasa ananitambua kwa hatua zangu.

Zuena


Ngombezi, 1 Desemba 2024

Mpwa wangu Zuena,

Hapa ni wazima. Nilikuwa sijui niandike nini, kwa hiyo sikuandika. Sasa naandika kama ilivyokuwa.

Baba yetu, mzee Bernardo, alikuja kutoka Songea kukata mkonge na hakurudi tena. Alikufa Februari 1992. Hilaria alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia, amebadili dini na jina. Baba hakumsamehe. Siku mbili kabla ya kufa alinishikisha rozari, akaniapisha kwamba sitakanyaga sakafu ya nyumba ya Mhina. Alikuwa baba yangu na alikuwa anakufa. Niliapa.

Julai, Ijumaa, mtu wa lori akaleta habari kiwandani kwamba Hilaria yuko hospitali Handeni siku ya pili, mtoto amekaa vibaya, na damu imepungua. Nilitoka zamu nikapanda baiskeli. Wakati ule barabara ilikuwa vumbi tupu. Nilifika nyumbani kwenu jioni, nikasimama nje ya ua. Baba yako akatoka. Nilikuwa sijawahi kusema naye. Nikamwambia habari ya kiapo, kwa sababu sikutaka adhani namdharau.

Mhina akanitazama. Akasema, "Shemeji, kiapo chako nakiheshimu. Ila lile pale lina magurudumu manne, na chini yake hakuna msingi. Ingia upumzike."

Nikaingia garini. Yeye alikwenda hospitali na kurudi, akaenda na kurudi. Hospitali sikuruhusiwa kumwona, wodi ilikuwa ya wanawake. Nikakaa humo Ijumaa hadi Jumapili. Bomba lilikuwa linadondosha. Nilikuwa bado nasikia wakati ule. Kila tone nilihesabu kama damu ya Hilaria, na sikuweza kuendelea kuhesabu. Kwenye mfuko wa baiskeli nilikuwa na spana na kipande cha mkanda. Bisibisi yangu ilikuwa mbaya, ndiyo iliyokula skrubu kushoto. Nilikata ile wosha kwa siku moja na nusu. Hakuna kazi niliyoifanya Ngombezi kwa uangalifu namna ile, wala kabla wala baada.

Jumapili adhuhuri Mhina akaja anakimbia. Akasema, "Wa kike. Na mama mzima." Nikagonga alama, nikafunga maji, nikapanda baiskeli. Nilimwomba asiseme. Hilaria angeuliza kwa nini sikumsubiri, na jibu langu lilikuwa kiapo cha baba dhidi yake. Mhina hakusema. Alikufa na siri hiyo. Na siku ya mazishi yake sikuja, kwa sababu maiti ilikuwa ndani ya nyumba.

Habari ya macho nimeisoma. Mimi sisikii na yeye haoni. Nimelifikiria hilo siku zote hizi.

Gregori Bernardo
• • • —


Handeni, 8 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imekuja jana. Nimemsomea mama yote, mara mbili. Ya pili ilipokwisha alininyooshea mkono, akadai ile wosha ya zamani. Niliihifadhi kwenye kisanduku cha dawa zake. Akaipapasa ukingo mzima kwa kidole, polepole, kisha akaguna.

"Nilikuwa najua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua Gregori amekuja. Mwanangu, baba yako Mungu amrehemu alikuwa dereva. Stuli ikivunjika mguu, yeye aliisogeza ukutani ikaegemea. Mimi natoka hospitali na wewe mikononi, nakuta bomba limenyamaza na lina harufu ya grisi ya kiwandani. Grisi ile nimekua nayo, ilikuwa kwenye nguo za kaka yangu kila jioni. Nani mwingine angelitengeneza?"

"Miaka thelathini na miwili hukusema?"

"Kila mtu akiniambia kaka yako amekutupa, nilikuwa nakwenda kufungua maji, nafunga, natazama kama litadondosha. Halidondoshi. Nikasema, huyu hakunitupa. Nikamwachia mwenyewe aseme siku akitaka."

Nilikuwa nadhani nimegundua habari kubwa, mjomba. Kumbe nilikuwa wa mwisho kuijua.

Kisha akanituma, nami naandika kama alivyosema, bila kupunguza: "Mwambie gari liko pale pale na halijaota msingi. Kiapo cha baba sikigusi. Ila jicho langu halisubiri masika, na mimi nataka nimwone akisimama mlangoni, hata kama ni umbo tu."

Ngazi ya mlango nimeifunga kamba mpya. Ina vipandio viwili.

Zuena


Ngombezi, 15 Desemba 2024

Mpwa wangu Zuena,

Nitakuja na Iddy Jumamosi tarehe 21, gari la saa mbili asubuhi. Usinipokee stendi, njia naikumbuka.

Usimwage tanki. Nitakagua kazi yako maji yakiwa yamejaa. Nikishafika mlangoni nitasimama kwenye mwanga kwa muda, wewe hesabu muda unaomtosha kuliona umbo langu. Kisha nitaingia, nitaweka kidole chini ya bomba, nihesabu hadi mia.

Mwambie Maryamu asiinuke. Nikimaliza mia nitampa huo mkono, aone kama ni mkavu.

Gregori Bernardo
• • • —